Merikebu Sebuleni Elerai

Siku kiwanda kilipofungwa, wafanyakazi waliambiwa wachukue vitu ambavyo mnunuzi mpya hakuvihitaji. Jirani yetu alirudi mtaani kwetu Elerai na meza ya ofisi yenye droo. Mwingine, aliyekuwa zamu moja na mume wangu, alipata kabati la chuma, na mkewe akaligeuza la vyombo siku hiyo hiyo. Mume wangu alirudi na picha.

Ilikuja juu ya mkokoteni, imefunikwa gunia, naye akitembea kando yake ameishika kwa mkono mmoja kama mtu anayesindikiza mgonjwa. Nilikuwa uani nafua. Nilisimama na povu mikononi nikamsubiri aishushe.

"Ni nini hicho?"

"Picha."

"Ya nani?"

"Si ya mtu. Ni merikebu."

Aliliondoa gunia, akaiegemeza ukutani. Ilikuwa imechorwa kwa rangi za mafuta, pana karibu sawa na kitanda cha mtoto, na fremu yake ya mbao nzito. Merikebu ya zamani, ile ya matanga, imelalia ubavu katikati ya mawimbi meusi. Mlingoti wa mbele umevunjika. Tanga moja limechanika na vipande vyake vinapepea. Mawingu yameshuka mpaka yanakaribia kugusa maji, na pembeni kabisa, upande wa kulia, kuna mwanga kidogo wa njano ambao huwezi kujua kama ni wa asubuhi au wa jioni. Watu wamo pia, wadogo sana, wametapakaa kwenye sitaha. Mmoja ameshika kamba kwa mikono miwili na kujivuta nyuma kwa uzito wake wote.

"Na viti?" nilimuuliza. "Nilisikia kulikuwa na viti."

"Viti vilichukuliwa."

"Ukaona uchukue hii."

Alikwenda kuazima nyundo.

Kiwanda chake kilikuwa kinatengeneza masufuria na ndoo za bati. Alianzia kufagia, akafundishwa mashine, mpaka akawa ndiye anayeitwa hata siku ya Jumapili mashine ikigoma. Tulipooana, zawadi kubwa tuliyopata ilikuwa masufuria ya pale, yaliyopangwa moja ndani ya jingine. Kisha ikaja ruksa ya biashara. Mipaka ikafunguka, na kila duka kuanzia Sakina mpaka stendi likajaa ndoo za plastiki, nyekundu na bluu, nyepesi kama karatasi. Mimi mwenyewe nilinunua moja. Niliificha chini ya kitanda kwa muda, halafu nikachoka kuificha, nikaanza kuchotea maji.

Hiyo picha iliachwa ukumbi wa mikutano na mtaalamu wa kigeni aliyesaidia kukianzisha kiwanda. Alipokwenda kwao hakuichukua, na waliomfuata hawakuiondoa. Ndivyo ilivyobaki pale miaka yote, juu ya vichwa vya wakubwa.

Sasa ikawa kwetu. Sebule yetu ilikuwa ndogo, makochi mawili na meza, na kila aliyeingia alikutana na yale mawimbi kabla hajatoa salamu.

Mume wangu alizoea kukaa kwenye kochi lililoielekea. Asubuhi alikuwa pale. Mchana nikirudi kuangalia jiko, yuko pale. Hakulewa wala hakunigombeza, na wenzangu kanisani waliniambia nimshukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu waume zao walikuwa wamefanya yote mawili. Lakini mtu aliyekaa kimya ndani ya nyumba ana uzito wake. Nilipofagia nilimwomba ainue miguu, akainua. Niliposema chakula tayari, akaja. Nilihisi kama ninalea mtoto mmoja zaidi, na watoto wetu wawili wa kike walikuwa bado shule ya msingi.

Mimi niliingia kwenye mitumba. Dada mmoja tuliyekuwa naye kwaya moja alinishika mkono, tukawa tunafungua belo la nguo pamoja na kugawana. Yeye alipenda blauzi na nguo za watoto, akauzia mjini. Mimi nilichukua masweta na makoti, nikaenda nayo mnadani Kisongo, ambako watu walioamka na mifugo alfajiri walijua thamani ya koti. Siku za mnada nilipanda nyuma ya pikapu na furushi langu, nikakaa juani mpaka saa kumi. Vumbi la Kisongo lilikuwa halitoki kwa kuoga mara moja. Nilikuwa nalikuta masikioni siku mbili baadaye, nikiwa kanisani.

Halafu mama mkwe akaanguka.

Aliishi magharibi ya mlima Meru, kwenye boma la marehemu baba mkwe, na mpaka siku hiyo alikuwa anafuata mbuzi wake mwenyewe. Aliteleza kwenye korongo, akavunjika nyonga. Hospitali walifanya walichoweza, kisha wakasema mgonjwa aende akatunzwe nyumbani, na nyumbani ikawa kwetu. Chumba cha watoto hakikutosha kitanda cha pili. Tukatoa kochi moja nje, tukaweka kitanda chake sebuleni. Ukuta uliokuwa mbele ya macho yake ulikuwa ule wenye picha.

Mimi ni Mchaga wa Machame na yeye alikuwa Mwarusha, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, lugha ambayo sote wawili tuliikuta mbele ya safari. Chake kilikuwa kifupi, hakina mapambo. Siku ya pili asubuhi nilimpelekea uji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ile ni milima gani?"

Nilifuata macho yake. "Si milima, mama. Ni maji."

"Maji yote?"

"Yote. Ni bahari."

Aliangalia kwa muda, uji unapoa. "Ya kunywa?"

"Hapana. Yana chumvi."

"Ng'ombe wangefurahi," alisema, akafungua mdomo nimlishe.

Mume wangu alikuwa mlangoni. Nilimwona anatabasamu, nami nikaona wivu, maana nilikuwa nimejaribu kwa miezi kumfanya atabasamu na sikuweza.

Tangu siku hiyo mama alikuwa na kazi. Aliamka kabla yetu na swali lake la kwanza, kabla hata ya kuomba msaada wa kukaa, lilikuwa kuhusu wale watu. Wamefika? Bado. Wamelala? Hawajalala. Alitaka kujua kila kitu kina jina gani, na mwanawe, ambaye aliwahi kwenda bandarini Tanga kupokea mashine ya kiwanda, akawa anamjibu. Ule ni mlingoti. Hapo nyuma ni usukani. Ile nguo iliyochanika ni tanga, na zikiwa nyingi ni matanga.

"Matanga?" mama alishtuka. "Nani amekufa?"

Alilijua neno kwa maana ya msiba tu. Mume wangu alimweleza kwamba ni neno moja lenye maana mbili. Mama alitikisa kichwa. Alisema watu wa pwani wana neno baya sana la kutundika juu ya vichwa vyao wakiwa safarini.

Jioni tulipofanya sala, aliomba kwa Kimaasai, lugha ya Waarusha pia, kwa kirefu. Sikuelewa yote, ila nilisikia neno enkare, maji, likirudiwa, nikajua anawaombea watu wa merikebu. Aliwaombea kila jioni. Mimi niliyemgeuza ubavu asubuhi na usiku, niliyefua mashuka yake, niliyerudi Kisongo na miguu imevimba, sikumsikia akinitaja. Nilifumba macho na mgongo unawaka, nikasema amina pamoja na wengine.

Wakinamama wa mtaa wetu wa kanisa walikuja kumwona mgonjwa. Walikuja na sukari, sabuni na ndizi, wakaimba wimbo mmoja, wakasali. Walipokaa kunywa chai, mama mmoja, mkubwa kwetu, akaitazama picha kama anayetazama mbwa aliyeingia ndani.

"Hii ndiyo kitu gani mnaweka mbele ya mgonjwa?" alisema. "Nyumba imepoteza kazi, imepata ugonjwa, na ukutani mnatundika maangamizi. Mwanangu, hamwoni?"

Mwingine alijaribu kuitetea. Alisema huenda ni ile merikebu ya wanafunzi, siku upepo ulipovuma ziwani.

"Basi Yesu yuko wapi humo?" aliuliza yule mkubwa. "Mnionyeshe."

Wote tuliinamisha vichwa mbele kumtafuta. Hakuonekana. Mama mkwe alijibu kutoka kitandani, na sauti yake ilikuwa kali kidogo.

"Amelala. Yuko ndani. Mtu akilala huwezi kumwona ukiwa nje."

Walirudi kwenye chai yao. Lakini yule mama mkubwa aliponiaga mlangoni alinishika bega. Alisema ana picha nzuri nyumbani kwake, ya bustani ya maua na mto, ataniletea tubadilishane. Nilimwambia ailete. Nilisema kwa moyo wote. Nilitamani kurudi nyumbani siku moja nikute ukuta wenye maua, kitu ambacho hakihitaji mtu kukihurumia.

Mume wangu aliporudi nilimweleza. Tulikuwa jikoni, mvua imeanza, na umeme ulikuwa umekatika kwa mgao kama kawaida ya siku zile.

"Haitoki," alisema.

"Kwa nini?"

"Haitoki tu."

"Una kazi ya kuilinda picha," nilimwambia, "lakini kazi ya kumgeuza mama yako ni yangu. Kazi ya Kisongo ni yangu. Wewe umekaa unaangalia watu wanaozama."

"Hawazami," alisema.

Alitoka jikoni akaenda kukaa kando ya kitanda cha mama yake. Nilibaki nachochea maharage ambayo hayakuhitaji kuchochewa. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, kisha ikapungua, na hapo ndipo nilipoanza kusikia sauti yake. Alikuwa anazungumza Kiswahili na mama yake. Hawakuwa na kawaida hiyo wakiwa wawili. Nadhani sasa kwamba alitaka nisikie.

"Yeyo," alimwita, kwa neno lao la mama. "Unajua ile picha niliitoa wapi?"

"Kazini."

"Ilikuwa chumba cha mkutano. Mimi sikuwahi kuingia mle isipokuwa kutengeneza feni. Siku ile walituita wote. Tulijaa mpaka ukutani. Mkubwa akasimama na karatasi, akaanza kusoma. Alisoma muda mrefu. Mimi nilikuwa nimesimama, na picha iko juu ya kichwa chake. Nikamwona yule mwenye kamba. Nikawa namwangalia yeye. Nikajiuliza, huyu akiiachia, itakuwaje? Akiiachia mara moja tu, apumzike mikono? Nilikuwa nafikiri hilo mpaka nikasikia watu wanatoka. Mwenzangu akanivuta shati, akasema twende, kumekwisha. Nikamwuliza, kumekwisha nini? Sikusikia hata neno moja, yeyo. Miaka yangu yote pale, na siku ya kuambiwa mwisho sikusikia."

Kisha nilisikia kitanda kinalia, anajaribu kujisogeza.

"Kwa hiyo ukamleta nyumbani."

"Ningemwachaje pale? Ukumbi mtupu. Wanakuja kubomoa ukuta."

"Yeye ameshika kamba," mama alisema. "Nimemwangalia kila siku, hajachoka. Wewe umeshika nini?"

Baada ya muda nilisikia kitu ambacho mwanzoni nilidhani ni mvua imerudi, kumbe ni mume wangu analia, na mama yake anamwambia kwa Kimaasai maneno machache, yale yale, tena na tena, kama anavyotulizwa ndama. Nilizima jiko. Sikwenda kule. Nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mikono mapajani, na hasira niliyokuwa nayo ikaanza kupoa bila kuniomba ruhusa.

Mama wa picha ya maua alipokuja na picha yake nilimwambia tumebadili mawazo. Alinuna. Kwaya iliyofuata hakukaa karibu na mimi.

Sitaki kusema kwamba mambo yalibadilika kesho yake. Mume wangu aliendelea kukaa kwenye kochi, ila sasa alikuwa anainuka. Alijifunza kupika uji wa mama usioshika chini. Mama hakukubali kuogeshwa naye, na kwa desturi isingewezekana, lakini alikuwa anachemsha maji na kunisaidia kumwinua, kisha anageuka anaangalia mlango. Siku za Kisongo niliondoka bila kuacha maagizo. Baada ya mvua za masika alikwenda Sakina, kwenye gereji moja kando ya barabara ya Nairobi, akawauliza kama wana kazi ya mtu anayejua vyuma. Walimpa siku chache kwa wiki. Alirudi na grisi kwenye kucha na alikuwa anaongea zaidi kidogo wakati wa kula, hasa kuhusu mabasi, jinsi yalivyoagizwa mabovu na kupakwa rangi mpya.

Mama hakuinuka tena. Nyonga ilikataa, kisha kifua kikaanza kumsumbua. Wiki zake za mwisho aliniita kila mara, si kwa haja yoyote, ila kuniambia nikae. Siku moja nilikaa. Alikuwa anatazama ukuta.

"Wale sijui kama watafika," alisema. "Mimi nilikuwa nawaombea kwa sababu sijui majina yao. Wewe jina lako Mungu analijua, simsumbui."

Nilimfunika blanketi mpaka shingoni, ingawa hakuwa ameomba, nikaenda kuwaandalia watoto nguo za shule.

Alikufa kiangazi, mchana, mwanawe akiwa naye. Tulimpeleka kwao, tukamzika upande wa juu wa boma, ambapo ukisimama unaona mlima wote nyuma yako na tambarare yote mbele. Nilipika kwa ajili ya watu wengi kuliko nilivyowahi kupika. Nilirudi Elerai nikiwa siwezi kuinua mikono kusuka nywele za watoto, na nilidhani ni uchovu wa msiba. Ilikuwa homa ya matumbo.

Nililala kwenye kitanda cha mama, kwa sababu kilikuwa bado sebuleni na sikuweza kutembea mpaka chumbani. Ndipo nikaitazama picha. Nilikuwa nimeifuta vumbi, nimepita mbele yake na beseni na sinia na furushi, nimegombana kwa ajili yake, lakini kuitazama, nimekaa, sina la kufanya, sikuwahi. Mchana ulikuwa mrefu. Watoto wako shule, mume wangu gereji, na mwanga wa dirishani ulipoifikia niliona vitu ambavyo hakuna aliyewahi kuvitaja. Niliona kwamba hakuna hata mmoja kwenye merikebu ile anayeyatazama mawimbi. Mmoja amekumbatia usukani. Wawili wanaburuta kitu kizito. Mmoja amepiga magoti na uso wake umeelekea mbao za sitaha. Kila mtu anaangalia alichoshika. Mawimbi tunayatazama sisi wa nje tu. Nilisikia uchovu wao mabegani mwangu, nikalia, na sikulia kwa ajili ya mama mkwe, ingawa nilimpenda, wala kwa sababu ya homa. Nililia kama mtu aliyekuta wenzake.

Mume wangu alirudi na daftari la watoto mkononi na mkate kwapani. Aliona macho yangu.

"Maumivu?"

"Hapana. Naangalia. Humu hamna mwanamke hata mmoja."

Alisogea, akaangalia naye kwa makini, kama anayekagua mashine. "Kweli," alisema. "Hamna." Alikaa ukingoni mwa kitanda. "Wewe ulikuwa unabeba peke yako. Mimi niliona. Niliona kila siku. Sikuweza kuinuka."

"Najua."

"Sasa naweza."

Nilimwambia kesho ni mnada na masweta yapo kwenye gunia la bluu, belo jipya haliwezi kufunguliwa kabla hayajauzwa, na mwenzangu wa mitumba atakasirika yakikaa.

Kesho yake alikwenda Kisongo. Mwanaume mzima, fundi wa mashine, akapanda pikapu na wanawake wa mitumba na furushi la masweta ya kike. Wenzangu walinisimulia baadaye kwamba hakujua kupiga kelele. Aliyatandaza masweta chini kwa mistari iliyonyooka, makubwa huku, madogo huku, akasimama nyuma yake mikono nyuma, na mtu akiuliza anamwambia ukweli: hili lina tundu kwapani, hili litapwaya. Wakamcheka asubuhi. Mchana wakaona wateja wake wanarudi wakiwa na ndugu zao.

Nilimsikia akifika jioni. Aliwaambia watoto wamletee maji ya kunawa, akapiga chafya ya vumbi mara kadhaa pale uani, akaja kusimama mlangoni na gunia likiwa karibu tupu. Aliuliza kama watu wa kule wote hubishana namna ile, hata kwa sweta. Nikamwambia wote. Akauliza nimekula. Nikasema bado. Akaenda jikoni, nikasikia anatafuta mwiko mahali ambapo haujawahi kuwekwa, na nilikuwa nimechoka mno kumwelekeza, nikamwacha atafute.